Muziki mzito wa gitaa usiokuwa na maneno: tuusikilize vipi?

Mkaazi wa Ng'ambo

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nimelelewa katika nyumba ya taarabu, ambamo wimbo hupimwa kwa shairi lake: fumbo limefungwaje, limemlenga nani, na mwimbaji amelitamka vipi. Wiki iliyopita kijana wangu alinisikilizisha "Rumble", wimbo wa Mmarekani Link Wray wa mwaka 1958, ambao ni gitaa, besi na ngoma tu. Nikasoma kwamba baadhi ya vituo vya redio vya huko vilikataa kuupiga, vikihofia kuwa ungewachochea vijana kupigana. Wimbo kukatazwa kwa maneno yake nalielewa, kwani hata sisi tuna vijembe vilivyowahi kuvunja shughuli za watu. Lakini hapa pana nini cha kuogopwa? Mimi naisikia kelele, ingawa nakiri kwamba kelele hiyo hainitoki kichwani.

Mpiga udi wa Malindi

Waalaykum salaam, kaka. Taarabu yenyewe hufunguliwa kwa bashraf, na bashraf haina hata neno moja, wala sijamsikia mtu ukumbini akiuliza imemlenga nani. Kwa hiyo masikio unayo tayari. Ningeanza na hiyo kelele unayoilalamikia, kwani imetengenezwa kwa makusudi: Link Wray alitoboa spika ya ampulifaya yake kwa penseli ili sauti itoke imekwaruzika. Waliomfuata katika miaka ya 1960 walifika huko huko kwa kuifungulia ampulifaya kupita uwezo wake, na wakapata faida kubwa zaidi, maana sauti iliyolemewa namna hiyo haifi upesi. Sisi wapiga udi tunaijua shida hii. Uzi ukishaguswa huanza kuzimika, ndiyo maana tunautetemesha kwa risha. Gitaa lililolemewa hushikilia noti moja kama fidla inayovutwa kwa upinde, na mpigaji akapata nafasi ya kuikaza, kuilegeza na kuiliza.

Msikilizaji wa Wete

Kuhusu sauti nakubaliana na ndugu yetu, ila mfano wa taarabu usimpoteze muulizaji. Wengi hulinganisha gitaa la namna hii na taksim, yaani upigaji wa ala peke yake wa kubuni papo kwa papo, nami nilifanya hivyo mpaka nilipojaribu kuhesabu. Taksim haifungwi na mapigo. Mpigaji hutembea ndani ya maqam, yaani ngazi ya noti, kwa pumzi yake mwenyewe. Blues, muziki wa Wamarekani weusi ambao ndio mzizi wa gitaa hili, ina gurudumu, kwa kawaida la mizani 12 (si mizani ya shairi, bali vipimo vya mapigo), linalozunguka na kurudi palepale, na utamu ni kumsikia mpigaji akichelewa kidogo au akitangulia kidogo, huku besi na ngoma hazimsubiri.

Ukaribu wetu nao, kwa maoni yangu, umo kwenye noti zenyewe. Blues inapenda noti ya tatu iliyosimama kati ya furaha na huzuni, ambayo haimo katika piano, nasi tunayo jirani yake katika maqam ya rast. Mpiga udi huitafuta kwa kidole, kwa kuwa shingo ya udi ni tambarare. Ya gitaa imepigwa vyuma vinavyozigawa noti, hivyo mpigaji wa blues huuvuta uzi kando mpaka noti ipande. Ule mlio unaofanana na mtu anayelia ndio huo.

Ama kuhusu redio, nadhani jina lilichangia: kwa vijana wa Marekani wa wakati ule, neno hilo lilimaanisha mapigano ya magenge mitaani. Fumbo lilikuwamo, basi, la neno moja.

Mpiga udi wa Malindi

Jina pekee halitoshi, bwana. Nyimbo ngapi zina majina makali na hazimtishi mtoto? Usikilize mwendo wake: unakuja polepole mno, kama mtu asiye na haraka kwa kuwa anajua huna pa kukimbilia.

Mkaazi wa Ng'ambo

Ahsanteni sana. Nimeusikiliza tena jana usiku, kwa spika za sebuleni badala ya simu, na sasa naupata: nyuzi zinapigwa kwa mkupuo, panakuwa na kimya kidogo, kisha duru inamalizwa na noti zinazoshuka moja moja kama mtu anayeteremka ngazi. Kuelekea mwisho sauti yote inaanza kutetemeka, nikadhani spika zangu zimeharibika. Mama watoto ameomba nizime. Kijana ameomba niongeze.