Silika iliyopakwa polibutadieni: presha iko juu, vilele vina mikia

Swali
Wakuu, natengeneza kijazio cha kolamu ya HPLC (bomba la kutenganisha kemikali kwa kusukuma kimiminika kwa presha). Nimepaka polibutadieni (polima ya aina ya mpira) kwenye silika ya mikroni 5 (vitundu vya angstromu 300, eneo la mita za mraba 100 kwa gramu). Silika gramu 5, polima gramu 1, peroksaidi ya dikumili (ya kuanzisha ufungamano wa polima) mg 10, vyote ndani ya pentani, kiyeyusho chepesi. Nimekoroga kwa sumaku usiku kucha, nikavukiza dakika 15, nikaoka nyuzi 120 kwa saa 2, nikasuuza kwa methanoli. Kolamu ya mm 150 × 4.6 inatoa bar 260 kwa ml 1 kwa dakika, na amini (kemikali za besi zenye naitrojeni) zinaburuta mikia, yaani vilele vyake kwenye grafu havishuki haraka. Tatizo liko wapi?

Jibu 1
Anza na hesabu ya polima. Mita za mraba 100 zikipakwa utando wa nanomita 1 ni sentimita ya ujazo 0.1, yaani kama gramu 0.09 kwa kila gramu ya silika. Gramu 5 zinataka 0.45 tu. Umezidisha zaidi ya mara mbili, na ziada hiyo huziba vitundu na kugandisha chembe.

Vukiza polepole, saa 2 hivi, kwa ombwe hafifu, chupa ikizunguka. Ukiharakisha, polima huhamia nje ya chembe.

Kwa nyuzi 120 peroksaidi hiyo huchukua saa kadhaa kuvunjika hata nusu. Peleka nyuzi 150, saa 4, chini ya naitrojeni, maana oksijeni hunasa radikali, vipande vya peroksaidi vinavyofunganisha polima. Halafu methanoli haiyeyushi polibutadieni kabisa! Polima isiyofungamana bado imo. Suuza kwa toluini ya moto kwanza, methanoli baadaye.

Jibu 2
Mimi naishuku sumaku kwanza. Inasaga silika chini ya chupa kama jiwe la kusagia, na vumbi lake huziba chujio la mwisho wa kolamu. Tikisa au zungusha chupa tu. Silika uliyonayo itawanye kwenye methanoli yenye kina cha sm 10, iache saa 2, mwaga wingu la juu, rudia hadi juu pasiwe na wingu tena.

Muulizaji
Nikirekebisha hayo, mikia ya amini itaisha?

Jibu 1
Itapungua, haitaisha. Utando hufunika silanoli (vikundi vya OH juu ya silika vinavyonasa amini) bila kuziua, na amini ndogo hupenya. Ziba silanoli hizo kwa trimethiliklorosilani ndani ya toluini kavu kabla ya kupaka. Pima kwa amitriptilini (dawa yenye amini) kwenye bafa ya fosfeti ya pH 7. Usivuke 8, silika itayeyuka.