Wazee wa hiphop, huyu mtoto nimwanzishie wapi?

Anko_wa_Busia
Habari zenu wote. Niko na mtoto wa dada yangu, kamaliza S4 (kidato cha nne), likizo yote yuko kwangu hapa Busia, iafoni haitoki masikioni hata akienda kuchota maji. Anachana mwenyewe na kichwa anacho sidanganyi, anaandika mistari nyuma ya daftari za kemia. Sasa juzi nikamuuliza hiphop ilitoka wapi, akanijibu bila kufikiri: "Si ni Eminem, anko?" Jamani nilikaa kimya kama mtu aliyefiwa. Nikamwekea The Message ya Grandmaster Flash and the Furious Five, ya 1982, nikaanza kumweleza Bronx, kule New York hiphop ilikoanzia, nyumba zinaungua, barabara kuu imepasua mitaa ya watu katikati, nikaona naongea vizuri kabisa. Kumbe mwenzangu anahesabu dakika. Akauliza "hii inaisha saa ngapi?" Mlio na watoto wa umri huo mnafanyaje?

Kamwokya_biti
Anko pole ila ulimpa somo la historia na yeye ametoka kwenye mtihani juzi tu. Mwanzishie kwenye ngoma. Kuna kitu kinaitwa break (siyo breki ya boda), ni pale kwenye wimbo waimbaji wananyamaza inabaki ngoma na besi peke yake sekunde chache. Dijei Kool Herc wa huko Bronx, kijana aliyezaliwa Kingston, Jamaika, aliona wachezaji wanangoja hapo tu, sasa akachukua santuri mbili za wimbo mmoja, hii ikimaliza kipande ile inaanza, na wakati ile inaenda anairudisha hii nyuma, ngoma haikatiki. Ndiyo hao wachezaji wakaitwa b-boys, wa kwenye break.

Fanya hivi. Chukua simu yako na simu yake, weka wimbo mmoja kote kote, Funky Drummer ya James Brown, ya 1970, tafuta pale mwishoni mpiga ngoma anaachwa peke yake. Mwambie azungushe hicho kipande bila kukata dakika moja nzima. Atashindwa, vidole vitagongana, simu moja itachelewa, atakasirika. Hapo sasa mwambie kuna mtu alikuwa anafanya hivyo usiku mzima na santuri, gizani. Atakusikiliza ssebo, niamini.

MzeeKaseti
Kamwokya umenikumbusha mbali. Mimi ni wa Arua, miaka ya tisini tulikuwa na redio kaseti moja ya baba yenye milango miwili, na betri zikichoka tunazianika juani kama mihogo. Kaka yangu alikuwa anarekodi kipande kidogo cha ngoma, anabonyeza pozi, anarudisha nyuma, anaachia pozi, tena, tena, mpaka anapata dakika tatu za biti ya kuchania. Jioni nzima inaisha hapo. Ukikosea nusu sekunde biti inachechemea na hatuna kaseti nyingine, tunairudisha kwa biki tusimalize betri. Sisi tulifikiri tumevumbua kitu!! Nimekuja kusikia nikiwa mtu mzima kwamba watoto wa New York walikuwa wanafanya hivyo hivyo na kaseti zao.

Kwa hiyo anko mimi naongeza, mwonyeshe na wewe ulihangaikaje. Mtoto haoni kama ni historia mpaka aone kidole cha mtu.

nyabo_wa_mistari
Mnaongea Bronx Bronx, na hapa nyumbani? Mtoto anachana kwa lugha gani? Maana kama anachana Kiluganda au Kiswahili kuna watu walimsafishia njia. Bataka Squad, kundi la hapa Uganda, miaka ya tisini wanachana Kiluganda wakati wengi waliona rap bila Kiingereza ni mchezo, hiyo ndiyo wakaita Luga Flow, na mmoja wao, Babaluku, akaja akafungua Bavubuka Foundation kufundisha vijana. Alafu mpe Koyi Koyi ya GNL Zamba. Watu wa Kiswahili mnasema kitendawili, mnajibiwa tega, Waganda wanasema koyi koyi, wanajibiwa lya. Ni mchezo wa bibi jikoni huo, jamaa kauchukua kaupeleka kwenye maiki.

Na kingine kinaniudhi kila siku, wanawake mnawasahau. Ile pati ya Herc inayohesabiwa mwanzo wa hiphop, tarehe 11 Agosti 1973, namba 1520 Sedgwick Avenue huko Bronx, ni ya nani? Ni Cindy Campbell, dada yake Herc, alitaka hela ya nguo za shule, akakodi chumba cha chini kwenye jengo lao, wasichana senti 25, wavulana senti 50. Kaka alikuja kupiga muziki tu. Bila nyabo kutafuta hela ya nguo, tungekuwa tunaongea nini hapa? Na akisema hakuna wa siku hizi, mpe MC Yallah, kazaliwa Kenya kakulia Uganda, anachana Kiluganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza, na biti zake ni kali kuliko hizo anazosikiliza yeye.

boda_filosofa
Mimi naona mwacheni. Sisi nani alitufundisha? Anachana, inatosha. Mkianza kumpa tarehe atauacha muziki kama alivyoacha kemia.

nyabo_wa_mistari
@boda_filosofa wewe ulifundishwa na abiria wako, unakataa tu 😂 Na kama anaweza kufika Kampala mtume Nsambya, Breakdance Project Uganda ya Abramz ipo tangu 2006, bure, na pale aliyejua jana ndiye anamfundisha aliyekuja leo. Hakuna wa kumwekea mhadhara.

Anko_wa_Busia
Nimerudi. Nimefanya ya simu mbili jana usiku, asanteni. Alishindwa kama mara ishirini, mara ya ishirini na moja akashika kama mizunguko minne, akaruka juu akamwamsha bibi. Saa tano usiku bado tuko macho, mimi nashika simu moja yeye nyingine, akaanza kuchana juu yake mistari yake ya Kisamia, na mimi nikasahau kabisa kumwambia habari ya Herc, ikabidi aniulize mwenyewe.

Ila kaniacha pabaya. Akauliza huyo mpiga ngoma anaitwa nani, nikamwambia Clyde Stubblefield. Akasema hiyo ngoma mbona kaisikia sehemu nyingi, nikamwambia ndiyo, hata kundi la Public Enemy waliitumia kwenye Fight the Power, 1989. Akauliza kwa hiyo alitajirika? Nikasema hapana, utunzi uliandikwa jina la bosi, James Brown, mrabaha wa hizo nyimbo zote haukumfikia. Akanyamaza. Leo asubuhi naona daftari la kemia, nyuma ya ukurasa kaandika jina la mwenzake anayempigia biti, na pembeni "nusu kwa nusu", wamesaini wote wawili.

Sasa anataka wimbo mwingine wenye break na bando imeisha, nani ana orodha?