Tupeane uzoefu: Kulea mtoto mwenye ADHD hapa Nairobi

Mwanzilishi wa mada, Umoja

Wazazi wenzangu, salaam. Kila shule zinapofunguliwa huwa ninaulizwa faraghani swali lile lile kuhusu mtoto asiyetulia, ambaye mwalimu amesema huenda ana ADHD, yaani hali ya upungufu wa umakini na uchangamfu uliopita kiasi. Nimeona ni heri majibu tuyaweke mahali pamoja. Kila anayechangia na aeleze aliyoyapitia mwenyewe, ila vipimo vya dawa tusiandikiane, kwa kuwa kinachomfaa mwanangu chaweza kumdhuru wako.

Nianze mimi. Kijana wangu yuko gredi ya nne. Jioni akiketi kufanya kazi ya nyumbani, huandika tarehe kwa ustadi, akaipigia mstari kwa kalamu nyekundu, akachonga penseli isiyohitaji kuchongwa, kisha utamkuta dirishani akitazama matatu zikiingia steji huku hesabu ya kwanza haijaguswa. Mtoto huyo huyo anaweza kumaliza alasiri nzima akifungua redio mbovu na kuipanga upya, na ndiyo maana majirani husema anajua kutulia akitaka. Daktari alitueleza kwamba mtoto mwenye ADHD ana umakini, lakini hushindwa kuuelekeza na kuudumisha kwenye jambo lisilomvutia papo hapo.

Katika tathmini yenyewe hapakuwa na kipimo cha damu wala picha ya ubongo, kwa sababu hakuna kipimo cha namna hiyo kinachothibitisha ADHD. Tulijaza hojaji sisi wazazi, mwalimu wa darasa akajaza yake, kisha daktari akazilinganisha. Vigezo vilivyotolewa na chama cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013 vinataka dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, ziwe zimedumu angalau miezi 6, na zionekane katika mazingira mawili au zaidi. Mtoto anayesumbua shuleni tu, au nyumbani tu, anastahili kwanza kuchunguzwa kama kuna jambo jingine mahali hapo.

Mama wa Pacha, Kayole

Asante kwa kuanzisha mada hii. Mimi nina pacha, wa kiume na wa kike, na wote wawili wana ADHD, lakini kwa miaka mingi tulijua ya mmoja tu. Kijana alipanda madawati, akajibu maswali kabla hayajaisha, akaitiwa mzazi kila wakati, hivyo akapelekwa kupimwa mapema. Binti yangu alikaa kimya nyuma ya darasa akiangalia nje, na ripoti yake ikaandikwa kila muhula kwamba ana uwezo ila hajitahidi. Nilinunua sweta za shule hadi mwenye duka akadhani ninaziuza rejareja! Alikuwa akianza kuvua viatu akasahau kiatu cha pili, na ukimtuma vitu vitatu dukani, analeta kimoja pamoja na habari ndefu za paka aliyemwona njiani.

Daktari ndiye aliyeuliza, tulipokwenda kwa ajili ya kaka yake, kama ndugu wa mtoto yeyote ana dalili, akatueleza kwamba hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Wapo watoto ambao tatizo lao ni umakini tu bila fujo yoyote, na wasichana wengi huangukia hapo, ndiyo maana hupitwa. Naomba wenye mabinti wapole wasiridhike na upole huo ikiwa kazi za darasani hazikamiliki.

Mwalimu, Embakasi

Ninafundisha shule ya umma, na madarasa yetu mnayajua yalivyofurika. Yapo mambo yasiyohitaji fedha ambayo yamenisaidia. Mtoto wa namna hii ninamketisha mbele, mbali na mlango, na ninampa maagizo moja moja badala ya kumwambia afungue kitabu, aandike kichwa na kujibu swali la kwanza mpaka la kumi kwa pumzi moja. Kazi ya maswali kumi ninaigawa mara mbili, akimaliza nusu ananiletea niisahihishe, na hapo amepata sababu halali ya kuinuka. Yeye pia ndiye mfuta ubao wangu. Sifa naitoa palepale, kwa kutaja alichofanya, kwa sababu ahadi ya zawadi ya mwisho wa muhula kwake ni sawa na ahadi ya mwaka ujao.

Kiboko hakimo katika orodha hiyo, na hata kisheria kimekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Wazazi wanaoniomba nimchape kwa niaba yao huwa ninawaelekeza kwenye vituo vya serikali vya tathmini ya elimu, au Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya iliyoko Kasarani, ambako hupimwa mahitaji ya mtoto ya kujifunza. Dawa huandikwa na daktari pekee.

Shosho, Kangemi

Wanangu, ninasoma kwa staha lakini sielewi. Zamani tulilea watoto kumi bila ugonjwa huu. Je, si soda na peremende hizi?

Mwanzilishi wa mada

Shosho, heshima yako, na swali lako wengi wanalo. Hali yenyewe si ya juzi: mwaka 1902 daktari wa watoto George Still aliwaeleza madaktari wenzake jijini London kuhusu watoto wenye akili timamu ambao hawakuweza kujizuia wala kudumisha umakini. Kuhusu sukari, uchambuzi uliochapishwa mwaka 1995 ulijumlisha tafiti ambamo watoto walipewa sukari au kiungo kitamu kisicho sukari bila wao wala wazazi kujua ni kipi, na haukuona tofauti katika tabia zao. Soda tupunguze kwa ajili ya meno.

Baba, Buruburu

Niseme kuhusu dawa, kwa kuwa ndiyo inayoogopwa. Binti yangu anatumia methilifenidati, dawa iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1944 na Leandro Panizzon, mwanakemia wa Ciba huko Uswisi, ambaye jina Ritalin alilitoa kwa mkewe Rita. Ile ya muda mfupi hufanya kazi kwa takriban saa 4, kwa hiyo tuliona mabadiliko siku zile zile za mwanzo: alimaliza insha. Hakulala wala kuzubaa kama tulivyotishwa, na tungemwona hivyo tungerudi kwa daktari, maana ni ishara kwamba kipimo kimezidi.

Adha ipo. Hamu ya chakula hupungua mchana, githeri ikarudi nyumbani ilivyokwenda, basi tukahamishia mlo mkubwa asubuhi kabla ya kidonge na jioni dawa inapoisha nguvu. Kila tukienda kliniki hupimwa uzito, urefu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Dawa hii hudhibitiwa, haiuzwi bila cheti cha daktari, na si kila duka la dawa huiweka, hivyo piga simu kabla hujapanda gari.

Muuguzi, Donholm

Naongeza machache. Kabla ya kumwita mtoto jina lolote, apimwe masikio na macho. Mtoto anayekoroma na kulala vibaya, mwenye upungufu wa damu, aliyefiwa, au mwenye kifafa kile cha kuduwaa kwa sekunde chache, wote wanaweza kuonekana hawana umakini. Kwa walio chini ya miaka 6, mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani unatanguliza mafunzo kwa wazazi kabla ya dawa.

Mama, Githurai

Tumepewa miadi wiki ijayo. Nibebe nini?

Mwanzilishi wa mada

Dada, beba ripoti za shule kuanzia zile za chekechea kama ulizitunza, madaftari mawili matatu ya sasa bila kuyapanga vizuri, kadi ya kliniki ya utotoni, na barua ya mwalimu inayoeleza anachokiona kwa mifano. Kama mwalimu wa sasa hajamzoea mtoto, mwombe wa mwaka jana.