LSD ipi inafaa Corolla DX ya mbio za vumbi yenye ekseli ya AE86?

VumbiDom
Wakuu, naomba mwongozo wa LSD, yaani difu inayozuia tairi moja lisizunguke bure. Gari ni Corolla DX (KE70) ya 1982, imefungwa injini ya 4A-GE na giaboksi ya T50. Nyuma kuna ekseli nzima ya AE86 (Corolla ya spoti ya miaka ya 80) yenye difu ya kawaida, resho 4.3 (propela inazunguka mara 4.3 kwa mzunguko mmoja wa tairi). Matairi ni 185/60R14. Kazi yake ni changarawe na mchanga, upande wa Hombolo na Kondoa. Ikitoka kona ya kulia tairi la ndani linazunguka bure, injini inapiga kelele na gari halisogei. Kona ya kushoto afadhali. Nina chaguo tatu: LSD ya sahani iliyotumika, ya Kijapani, kwa muuza spea wa Dar, LSD mpya ya gia isiyo na sahani, au kuchomelea spaida (gia ndogo za ndani ya difu). Ipi, na nikague nini kabla ya kulipa?

FundiDifu
Mkuu, hiyo tofauti ya kulia na kushoto ina sababu yake. Ekseli ngumu inapopokea nguvu ya propela inajaribu kujizungusha, na kwa injini inayozunguka kama hiyo tairi la nyuma kulia ndilo linalopunguziwa uzito. Kwenye kona ya kulia, bodi nayo inalalia kushoto. Mambo mawili yanaliinua tairi moja. Kwa hiyo swali lako hasa ni hili: difu ifanye nini tairi likiwa hewani?

LSD ya gia inazidisha kile ambacho tairi dhaifu limeweza kushika. Likiwa hewani limeshika sifuri, na sifuri hata ukiizidisha mara tatu ni sifuri. Kwenye lami laini ni nzuri sana na haichakai haraka, ila kwenye makorongo na matuta yetu itakuangusha palepale unapoihitaji.

Kuchomelea sikushauri. Spaida zikichomelewa vibaya hupasuka, na kipande kikiingia kati ya krauni (gia kubwa ya difu) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) umepoteza vyote. Hata ikishika, gari litagoma kuingia kona na ekseli zitajikunja kila ukipita lami.

Chukua ya sahani. Hiyo ina springi zinazozibana sahani muda wote, hata kabla hujakanyaga mafuta, na huo mbano wa awali ndio unaokuokoa tairi likiinuka.

Kabla ya kulipa, hesabu meno ya ndani yanayopokea ekseli na ulinganishe na ekseli zako. Pima kipenyo cha matundu ya bolti za krauni, na hakikisha ni ya difu ya inchi 6.7. Kisha omba ifunguliwe. Sahani zilizogeuka bluu zimeungua. Zenye mfereji ulioliwa na meno ya kasha, ziache.

Resho43
Naongeza kwenye pembe, yaani mteremko ndani ya kasha la LSD ambao pini ya spaida inausukuma ili kubana sahani, maana hapo wengi hudanganyika. LSD ya njia moja inabana ukikanyaga mafuta tu. Ya njia mbili inabana sawa hata ukiachia, na ya njia moja na nusu inabana kidogo ukiachia. Kwa gari fupi na jepesi kama DX kwenye changarawe ningechagua moja na nusu. Ya njia mbili inalisukuma gari moja kwa moja unapoachia mafuta kuingia kona, ingawa wanaopenda kuingia ubavu huipenda.

Usinunue kwa namba ya pembe pekee. Watengenezaji wengine wanapima pembe kutoka kwenye mstari wa ekseli, kwao namba kubwa ndiyo inayobana zaidi. Wengine wanapima kinyume chake. Tazama umbo lenyewe: upande ambao pini inasukuma ukuta uliosimama wima, mkabala na mzunguko, haufungui kasha, hivyo haubani.

Na resho usiikimbilie kubadilisha. Kwa tairi lako, gia ya nne, mizunguko 7,000, resho 4.3 inakupa kama km 177 kwa saa. Ukiweka 4.778 unashuka hadi km 159, na unapata nguvu zaidi kutoka kona. Kwa njia za mchanga hiyo ni nzuri, ila hapo pinioni lazima itoke na kazi inakuwa kubwa zaidi. Funga LSD kwanza, ujue gari lilivyo.

VumbiDom
Asanteni wakuu. Mbano wa awali napimaje? Spana ya kupimia nguvu hapa gereji hakuna ya ukubwa huo. Na nikifunga LSD bila kugusa pinioni, nini huharibika?

FundiDifu
Tafuta mizani ya kuning'iniza, hii inayopimia magunia sokoni Kibaigwa. Tairi moja chini, jingine juu ya jeki na stendi, weka kabari mbele na nyuma ya lililo chini, gia nyutro, hendibreki imeachiwa. Funga bapa la chuma kwenye stadi za upande ulioinuliwa, lisimame wima, kisha vuta kwa mizani kwenye alama ya mita moja kutoka katikati, ukivuta mlalo. Kilo 5 zikianza kulizungusha, una kgm 5. Chini ya 3 imechoka. Kwa changarawe anza kati ya 5 na 8. Ikizidi sana, gari litakuwa gumu kugeuka kwa mwendo mdogo.

Sahani zenye meno ya nje hushika kasha, za meno ya ndani hushika gia ya pembeni. Zikipishana moja moja, nyuso zote zinafanya kazi. Fundi akizirudisha mbili za aina moja pamoja, nyuso zinapungua na LSD inalegea ingawa sahani ni nzima. Piga picha kabla ya kufungua.

Kufunga: weka alama kofia za beringi, kushoto na kulia, zisibadilishane. Chemsha krauni kwenye maji ya moto, karibu nyuzi 100, ikaushe haraka na ikae kwenye kasha kwa kuteleza, usiigonge. Uchezaji wa krauni na pinioni uwe milimita 0.13 hadi 0.18, upimwe sehemu tatu au nne. Paka rangi kwenye meno uangalie alama ya mgusano. Ukikaza sana difu italia na kuchemka, ukilegeza itagonga kila unapokanyaga na meno yataanza kuvunjika kwenye ncha.

Resho43
Oili: GL-5 iliyoandikwa LSD, 80W-90, au 85W-140 kwa joto la Oktoba na Novemba. Oili ya kawaida itafanya sahani zishikane na kuachia kwa kurukaruka, utasikia gogo-gogo kwenye kila kona. Jaza hadi oili ianze kutoka kwenye tundu la kujazia, gari likiwa limesimama sawasawa.

Kabla ya mbio endesha taratibu kwa umbo la nane uwanjani, dakika 20, pumzisha ipoe, rudia, kisha mwaga oili yote. Itatoka ya kijivu, na hiyo ni kawaida kwa mara ya kwanza. Ukikuta vipande vinavyoshikika kwa vidole, fungua tena. Na safisha bomba la kupumulia juu ya ekseli. Likizibwa na vumbi, oili itasukumwa kwenye sili na kuishia kwenye breki.