Naomba ushauri: Land Rover 109, ni Series IIA au III?

Wakuu, ipo Land Rover 109 hapa Moshi. Kadi inasema 1970, ila grili ni ya plastiki na mita ziko mbele ya dereva, mambo ya Series III iliyoanza 1971. Gia namba mbili nayo, ukirudi kutoka tatu bila kukanyaga klachi mara mbili, inakwaruza. Ni tabia ya IIA, au sinkromeshi (vipande vinavyolinganisha kasi ya gia zinapoingia) zimekwisha tu? Injini ni ya petroli, cc 2286. Siitegemei, injini hubadilishwa. Namba ya chesisi imegongwa mbele kulia, karibu na springi. Nimesugua kutu kwa brashi ya waya, herufi ya mwisho bado haisomeki. Nipake chaki, au nilinganishe na namba ya giaboksi? Grili ya waya, ile ya IIA, sinunui kabla ya jibu.