MC wa kipaimara cha jana Moshi, unajijua!

Wakuu, salamu baadaye. Sijalala.

Jina sitaji, mnamjua. Suti ya njano, viatu vya njano, nadhani hata meno aliagiza yafanane. Kilimanjaro nzima imeshapashishwa viganja na huyu mtu.

Kaka yangu ana miaka 34, ana usonji. Anatembea na kilori cha makopo, tairi za kandambili, babu ndiye alimtengenezea. Muziki ukizidi anakiweka sikioni, anazungusha tairi kwa kidole mpaka anatulia. Hamsumbui mtu. Stoo ya duka letu la spea Majengo anahesabu yeye, hajawahi kukosea hata nati moja. Wewe MC hata wajomba ulihesabu vibaya.

Sasa tunapeleka zawadi, foleni inacheza taratibu, jitu likasema DJ kata! Kimya. Halafu: "Nani amepotelewa na mtoto hapa? Ana ndevu, ana lori."

Ukumbi ulicheka mpaka Holili wakajua Moshi kuna sherehe. Mama akavuta kitenge akajifunika uso. ANA NDEVU, ANA LORI! Mtu umelipwa, umeshiba ndafu, unakatisha muziki useme ana ndevu ana lori!

Na kaka akamsogelea, akainamia mic, akamjibu kwa adabu: "Sijapotea. Nimekuja na mama."

Hapo ndipo nilipoitazama keki nikaona inafaa kurushwa.

MtoriWaMoto: Pole mkuu. Ila "ana ndevu ana lori" nimecheka ndani ya Hiace, konda ananitazama.

Mzee_wa_Rau: Mngemwacha nyumbani. Dume zima na mdoli, aibu kwa ukoo. Mnyang'anyeni hicho kitu.

Mleta uzi: Kaka alikuwa na kadi yake yenye jina lake. Wewe ulialikwa na nani?

NesiMstaafu: Mzee, hayo ya kunyang'anya ni ya zamani. Hata wataalamu waliwahi kushauri hivyo, eti mtu mzima apewe vitu vya rika lake. Siku hizi wenye usonji wenyewe wanasema, na wengi wanawasikia: kinamtuliza, mwache nacho. Yule daktari Leo Kanner alipouandika usonji mwaka 1943 alieleza watoto 11, ndiyo maana mpaka leo watu wanadhani ni mambo ya utotoni. Wa kwanza kati yao, Donald Triplett wa Mississippi, Marekani, alifariki 2023 akiwa na miaka 89. Alifanya kazi benki. Watoto hukua jamani.

Kibosho_Juu: Nesi ametoa lekcha, nani atasahihisha? Mzee wa Rau, wewe Yanga ikifungwa unavaa jezi siku tatu huli. Hilo ni la rika gani?

Mzee_wa_Rau: Yanga usiiguse.

Mama_Parachichi: Huyo huyo wa njano kwenye harusi ya mdogo wangu alitaja jina la mchumba wa ZAMANI. Mara mbili.

MtoriWaMoto: Afadhali nyie. Mimi nimechanga laki moja kadi ya double, nimepata bia mbili na wali wa kuonja. Kamati mko humu?

Kibosho_Juu: Kamati imekula. Na ile ndafu ilikuwa mbuzi au paka wa jirani?

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. ALIKATISHA MUZIKI.

Mama_Parachichi: Ndafu haikuiva, mimi nilikaa meza ya mbele, nilisikia kisu kinalia.

Mjumbe_wa_Kamati: Mbuzi alikuwa elfu themanini tu, mlitaka asemeje? Na kuna waliobeba kwenye mikoba.

MtoriWaMoto: Taja mikoba!

Kibosho_Juu: Mleta uzi, kaka anauza hicho kilori? Mwanangu kakiona jana, analia mpaka sasa.

Mleta uzi: Hauzi.

Mama_Parachichi: Ule mkoba mwekundu ni wangu, na nilibeba ndizi TU.