Tupeane uzoefu: kamera ndogo ya bei nafuu ya kwenda nayo likizo

Kijana wa Msamvu
Wakuu, heshima kwenu. Likizo ya Desemba inakaribia na swali ni lile lile la kila mwaka. Familia ina kama laki tatu hadi tano, inataka kamera ndogo ya kidijitali ambayo mama, watoto na hata shangazi wataishika na kubonyeza bila semina. Safari yenyewe ni ya kawaida: siku kadhaa Zanzibar, kisha Mikumi. Simu wanazo, ila hawataki kuzimaliza chaji kwa picha, na tembo akipigwa na simu za bei ya chini huwa anatoka kama kisiki. Hadithi za safari tuziache kwa uzi mwingine. Hapa leteni modeli, namba na kasoro mnazozijua.

Mzee wa Lenzi
Boksi liwekeni pembeni, mwangalie mbele ya lenzi. Kuzunguka kioo pameandikwa namba mbili zenye mm. Gawa kubwa kwa ndogo, jibu ndilo zumu halisi, ile inayovutwa na vioo. Canon IXUS 285 HS imeandikwa 4.5–54.0mm, kwa hiyo ni mara 12. Sony W800 ni 4.6–23mm, mara 5. Canon SX740 HS ni 4.3–172.0mm, mara 40. Ukikuta namba moja tu, hakuna zumu hapo hata kama boksi limeandikwa "16X" kwa herufi za dhahabu. Hiyo 16X ni kukata katikati ya picha na kuitanua, kazi ambayo simu yako inaifanya bure. Zile kamera za "4K 64MP" zisizo na jina linaloeleweka, nyingi ziko kundi hilo, na pikseli (nukta za picha) nyingine zinajazwa na programu, hazitoki kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga.

Sasa hesabu ya Mikumi. Kila modeli ina namba ya pili kwenye maelezo yake, ile ya "sawa na 35mm": W800 hufika 130, IXUS 285 hufika 300, SX740 hufika 960. Gawa 36 (upana wa picha ya filamu ya 35mm) kwa namba hiyo, zidisha kwa umbali, unapata takriban upana wa kinachoingia kwenye picha. Chukua simba wa mita mbili hivi bila mkia, amelala mita 100 kutoka barabarani. Kwa W800 picha inabeba karibu mita 28, simba ni sehemu moja ya kumi na nne. Kwa IXUS inabeba mita 12, simba ni moja ya sita. Kwa SX740 inabeba chini ya mita nne, simba anajaa zaidi ya nusu ya picha. Kwa mbuga, mara 12 ndiyo ya kuanzia. Raha iko kwenye 20 hadi 30.

Dada wa Paje
Mzee kasema kweli kwa upande wa mbali, ila msisahau upande wa karibu. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba, ukitaka mlango wote na nakshi zake za juu unagonga mgongo ukuta wa jirani. Lenzi inayoanzia 24 au 25 (tena kwa ile namba ya "sawa na 35mm") inakubali, inayoanzia 28 inakata juu. Ukiwa na ya 28, simamisha kamera wima na ujisogeze pembeni upige kwa mshazari.

Msema Kweli
Mnahangaika bure. Simu ya kisasa inatosha.

Mzee wa Lenzi
Usiku inatosha, na inashinda, sitabisha. Kamera hizi za bei ya chini zina sensa ya inchi 1/2.3, yaani milimita 6.2 kwa 4.6, ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Forodhani baada ya magharibi simu nzuri inapiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha, wakati kamera ya hivi inapandisha ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) na picha inajaa chengachenga. Kwa hiyo usiku tumieni simu. Mchana, kwa kitu cha mbali, hakuna simu ya laki nne inayogusa zumu ya vioo ya mara 25. Anayetaka kamera ndogo inayoweza giza atafute yenye sensa ya inchi moja, kama Sony RX100 ya kwanza ya 2012. Eneo la sensa yake ni mara nne ya hizi, ila zumu inaishia 100 kwa ile namba ya "sawa na 35mm", kwa hiyo simba wa Mikumi amsahau.

Kijana wa Msamvu
Shukrani. Megapikseli je? Wauzaji ndiyo wimbo wao.

Mzee wa Lenzi
Picha ya albamu ya sentimita 10 kwa 15 inataka megapikseli 2 na kidogo kwa uchapaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi. Ukurasa mzima wa A4 unataka karibu 9. Kamera ya megapikseli 12 au 16 imeshavuka. Kwenye sensa ndogo namna hii, 20 dhidi ya 16 hutaona tofauti.

Fundi Kioo
Kwa laki tatu hadi tano wengi mtaangukia mtumba, kwa sababu kamera hizi ndogo zimepanda bei tangu vijana warudi kuzipenda. Mtumba hauna ubaya, ila kagueni kabla ya kutoa hela, na mwende na memori kadi yenu mfukoni.

Washa, vuta zumu hadi mwisho, rudisha, mara tatu. Lenzi iende kwa sauti moja laini. Ukisikia mkwaruzo au inasita katikati, kuna mchanga au meno ya gia yamelika, rudisha mezani. Ikiwa imevutwa hadi mwisho, piga picha ya anga la buluu au ukuta mweupe, kisha ikuze kwenye skrini. Madoa ya kijivu yanayokaa pale pale kila picha ni vumbi ndani, juu ya sensa, na kwenye kamera hizi halifutiki bila kufungua lenzi nzima. Mulika tochi ya simu kwa pembeni ya kioo: nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ni ukungu wa unyevu, kamera za pwani zinaupata sana. Piga moja na flashi. Toa betri uilaze juu ya meza tambarare, ikizunguka kama pia imevimba, na iliyovimba hupasua mlango wake mwenyewe. Kile kilatchi cha mlango wa betri mkikague, kikivunjika kamera inajizima kila ukiitikisa.

Kamera ikisahau tarehe kila betri ikitolewa, kabetri ka ndani kamekufa. Siyo sababu ya kuikataa, ni sababu ya kupunguziwa bei.

Ufukweni, adui ni mchanga kuliko maji. Kila lenzi inapotoka, inarudi na punje zilizoshika kwenye pipa lake (ule mrija unaotoka na kuingia), ndipo skrini inaandika "Lens error". Ikitokea, zima, toa betri, puliza kuzunguka pipa kwa kimpira cha kupulizia vumbi huku lenzi ikiangalia chini. Usipulize kwa mdomo, mate yanageuza mchanga kuwa tope. Usiivute kwa vidole pia, hapo ndipo gia inakatika, na gharama ya kuitengeneza mara nyingi inazidi bei ya kamera. Kinga ni mfuko wa plastiki wa kufunga kwa juu, na kutowasha kamera upepo ukiwa umepamba moto.

Mwana wa Likoni
Nyongeza ya zile zinazotoka Japani. Sony nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani pekee, na hakuna programu ya kiwanda ya kuibadilisha. Kabla hujalipa, ingia kwenye menyu utafute neno Language. Lisipokuwepo, halitakuja. Canon ndogo za zamani ni rahisi: fungua sehemu ya kutazama picha, shikilia FUNC/SET kisha bonyeza MENU, orodha ya lugha inatokea. Pia angalia video. Umeme wetu Kenya na Tanzania ni hezi 50, kamera iliyowekwa NTSC (mfumo wa video wa nchi za hezi 60) inaweza kutoa mistari inayopepesa chini ya taa za tyubu. Ikiwa menyu inaruhusu, geuza iwe PAL, ule wa hezi 50.

Mama Chaki
Memori kadi naona hamjaigusa, na ndiyo inayolaza watu na viatu. Kadi iitwayo SD tupu mwisho wake ni GB 2, SDHC ni hadi 32, zaidi ya hapo ni SDXC. Kamera kuukuu sana haisomi SDHC, na ya zama za kati haisomi SDXC. Nunueni mbili za GB 32 zenye alama ya duara lenye 10, badala ya moja kubwa. Picha ya megapikseli 20 ni kama MB 7, kwa hiyo moja tu inabeba zaidi ya 4,000. Kadi feki inaandika GB 128 huku ndani ni 8: inapiga vizuri hadi nafasi halisi iishe, baada ya hapo picha zinafunguka nusu kijivu. Ijaribuni kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta kabla ya safari. Fomati ifanyike ndani ya kamera. Ikiandika kadi imefungwa, sogezeni kile kiswichi cha pembeni.

Betri moja hutoa picha 200 hivi, ukichezea zumu na flashi ni pungufu. Chukueni ya pili. IXUS nyingi huchajiwa betri ikiwa imetolewa, kwa chaja ya ukutani, kwa hiyo pauabenki haitawasaidia njiani. Ulizeni chaja iko wapi kabla ya kuuliza bei. Na kwenye ndege betri za akiba zinakaa begi la mkononi, si kwenye mzigo.

Dada wa Paje
Mpangilio wa kumwachia shangazi: piga kwa Auto, zima zumu ya kidijitali (ile ya kukata na kutanua) kwenye menyu, weka ubora wa juu wa JPEG, rekebisha tarehe. Yatosha.

Isipokuwa ufukweni. Mchanga mweupe unaidanganya kamera, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na sura nyeusi zinabaki kivuli chenye meno. Bonyeza alama ya +/− upandishe hadi +0.7 au +1. Auto kwenye modeli nyingi haikubali hiyo, hamia mpangilio wa P (unafanana na Auto, ila unaruhusu +/−) au chagua mandhari ya Beach. Saa sita mchana jua likiwa utosini, washeni flashi kwa lazima mkiwa mita moja na nusu hadi mbili, inaondoa kivuli cha kofia machoni. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa kama dakika 20, la sivyo kioo kinafunga ukungu na vitambaa vyote havisaidii.

Kijana wa Msamvu
Basi wakuu, nipeni majina.

Mzee wa Lenzi
Mtumba, na safari ina Mikumi: Canon SX620 HS (mara 25), SX700 au SX710 HS (mara 30), Sony WX350 (mara 20, ikiwa menyu ina Kiingereza). Zote zinaanzia 25, kwa hiyo Mji Mkongwe mmepona. SX740 ikiwa mpya iko nje ya bajeti.

Zanzibar tu bila mbuga: IXUS 285. Kama lazima iwe mpya ya dukani, Kodak PIXPRO FZ45 inatumia betri mbili za AA zinazopatikana hata duka la mangi, zumu mara 4. Nunueni AA za kuchaji, zile za kawaida za bei ya chini haziwezi flashi.

Fundi Kioo
Na mkiwa Mikumi mwambieni dereva azime injini. Mara 30 gari likinguruma, kila picha ina tembo wawili.